Ardhi iliyochoka haijafa

Nimesoma hoja kwamba viwanja vya viwanda vilivyofungwa mijini havina tiba: vifukiwe, vimwagiwe zege, viuzwe upesi. Siikubali hata kidogo, na ushahidi uko Bamburi, Mombasa.

Pale kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe, kikaacha jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kazi ya kulifufua. Alijaribu aina 26 za miti. 3 tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mbele. Majani yake magumu hayakuoza, basi wakaletwa majongoo, wakayatafuna na kuyageuza mboji. Leo ni Haller Park, msitu wenye twiga na viboko.

Mwandishi wa hoja ile analalamika kuwa njia hii ya kufufua ardhi ni ya polepole. Kweli, msitu haumei kwa usiku mmoja. Lakini pale kiwanda kilipoacha udongo wenye sumu, zege haliondoi sumu hiyo, linaificha tu. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusafishe kwanza, tupande, ndipo tujenge. Na aliyechimba akafaidi ndiye alipe, si wajukuu wetu.