Chama cha Mjadala Chuoni Si Kambi ya Adui

Hivi karibuni tulialikwa kusikiliza mjadala wa chama cha wanafunzi wa sayansi ya siasa katika chuo kikuu kimoja hapa nchini Uganda. Mada yao ilikuwa fupi: "Jeshi ni la nani?" Tulipowaarifu wenzetu kambini juu ya safari hiyo, baadhi yao walicheka, na mmoja akatuuliza kama tunakwenda na ulinzi wa kutosha. Ulikuwa mzaha, lakini ndani ya mzaha huo ilijificha fikira ambayo yatupasa sote, wanajeshi na polisi, kuichunguza kwa makini: kwamba vijana wakikutana kuzungumza siasa, basi wanapanga fujo.

Tuliyoyakuta huko ni haya. Mwenyekiti, kijana wa mwaka wa pili, alisoma kanuni kabla ya jambo lolote. Kila msemaji alipewa dakika tano, wala hapana aliyeongezewa. Waliounga mkono hoja walisema kwanza, waliopinga wakafuata, kisha wasikilizaji wakapewa nafasi ya kuuliza. Aliyemkatiza mwenziwe aliamriwa kukaa, naye akakaa. Katibu aliandika yote katika daftari. Sisi tuliopitia chuo cha maafisa kadeti tuliitambua hali hiyo mara moja: ilikuwa ni nidhamu. Tofauti yake na ya kwetu ni kwamba pale hoja haikushinda kwa cheo cha msemaji, bali kwa uzito wake.

Ndipo binti mmoja akasimama na kusema: "Afande, kila siku mnatuambia kwamba mnatulinda. Tungependa kujua, mnatulinda na nani?" Ukumbi mzima ukacheka. Sisi, ambao kazi yetu ni kusema kwa niaba ya jeshi, tulijibu kwa maneno mengi yasiyokuwa na jibu ndani yake. Tunakiri hapa kwamba wakati ule tulilichukua swali hilo kama tusi. Tulikuwa tumekwisha kufika nusu ya njia ya kurudi kambini ndipo tulipofahamu kuwa halikuwa tusi hata kidogo. Ni swali ambalo kila askari anapaswa kujiuliza kila asubuhi anapovaa sare yake.

Ndugu askari, wenye kudhani kwamba vyama vya namna hii ni mchezo wa vijana wasiokuwa na kazi wanasahau historia. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi waliunda chama cha mapinduzi ya Afrika kilichojulikana kwa herufi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walikuwa na darasa la itikadi siku za Jumapili, wakasoma vitabu na kubishana juu yake, na Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao. Hawakuishia katika maneno. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda kaskazini ya Msumbiji kuyaona kwa macho yao maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. John Garang naye, aliyekuja kuliongoza jeshi la SPLA huko Sudan tangu mwaka 1983, alipita katika mikutano hiyo. Kwa hiyo askari anayekidharau chama cha wanafunzi, yafaa akumbuke kwamba elimu ya siasa iliyofundishwa msituni Luwero baada ya mwaka 1981 ilikuwa na mizizi yake katika vyumba vya masomo pale Mlimani.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Chama hicho kilikuwa na jarida lake lililoitwa Cheche, lililoanza kutoka mwaka 1969. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha makala ndefu ya kijana Issa Shivji, iliyohoji kama kweli Tanzania ilikuwa ikielekea kwenye ujamaa. Kabla ya mwaka huo kwisha, chama kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake. Je, hoja zilikufa? Hazikufa. Jarida la Umoja wa Vijana wa TANU hapo hapo chuoni, Majimaji, liliendelea kuzijadili. Shivji aliikuza hoja yake ikawa kitabu mwaka 1976. Mwaka 2008 alikabidhiwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika chuo kile kile, na mwaka 2020 yeye na wenzake wawili walitoa wasifu wa Mwalimu Nyerere katika vitabu vitatu. Kijana aliyeonekana msumbufu ndiye aliyekuja kuyahifadhi maisha ya kiongozi ambaye serikali yake ilimfungia jarida. Hapo pana funzo kubwa kwa kila mtu aliyepewa mamlaka ya kufunga milango.

Na sisi Waganda tunayo mafunzo yetu, nayo ni machungu zaidi. Makerere ilikuwa mahali ambapo Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha siasa na kubishana hadharani na wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1970 Rodney mwenyewe alikuja kupambana naye kwa hoja, na ukumbi ulijaa. Miaka michache baadaye Mazrui alikuwa ameondoka nchini. Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 wala hakuonekana tena. Mwezi Agosti 1976 askari wa Idi Amin waliingia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Hata baada ya utawala huo kuondoka, mwezi Desemba 1990 wanafunzi wawili wa Makerere waliuawa kwa risasi wakati wa mgomo. Hatutaji mambo haya ili kufukua makaburi. Tunayataja kwa sababu, kila mara, mkono uliotumika ulikuwa mkono wa askari, na aibu iliyobaki imebaki katika sare.

Sheria imekwisha kutuonyesha njia. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, inalinda uhuru wa mawazo, pamoja na uhuru wa taaluma katika vyuo. Kifungu cha 208 kinalitaka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, lisiloegemea chama chochote, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 209 kinatupa jukumu la kukuza maelewano baina ya jeshi na raia. Maelewano hayo hayaletwi na gwaride peke yake. Huletwa pia na kukaa kitini na kuulizwa maswali magumu.

Hatusemi kwamba askari apuuze wajibu wake. Jiwe likirushwa, au duka likivunjwa, sheria ifuate mkondo wake. Lakini askari aliyefundishwa vyema hutenganisha jiwe na neno. Ofisa anayetumwa mlangoni pa ukumbi na ajiulize kwanza: je, hapa pana vita, au pana watu wanaobishana? Kama wanabishana, basi kazi yake ni kuhakikisha kwamba wanamaliza salama na kurudi mabwenini kulala. Akiwatawanya, hatakuwa ameuzima mjadala. Atakuwa ameusukuma gizani, mahali pasipo mwenyekiti wala kanuni, na huko ndiko fujo huzaliwa.

Chama kile kimetualika tena muhula ujao. Tutakwenda, na binti yule akiwapo tutaomba dakika zetu tano ili kulijibu swali lake upya. Tutamwambia kwamba tunamlinda na yeyote anayetaka kumnyamazisha kwa nguvu, hata kama mtu huyo amevaa sare kama yetu. Kisha tutakaa kitini, tusikilize kama jibu hilo limemtosha.