Makongolosi Nako Kuna Ufuko

Kila unapoanza mjadala wa viumbe wa ufukoni, ramani ya nchi hukatwa vipande viwili. Tanga, Mafia na Unguja huitwa mezani. Mbeya na Iringa huambiwa zisubiri zamu ya misitu na tembo. Toleo hili la jarida letu limeandaliwa kupinga mgawanyo huo, na linaanzia Makongolosi, mji wa dhahabu wilayani Chunya, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi.

Hoja ya upande wa pili inajulikana: asiyewahi kumwona kasa hawezi kumlinda. Hoja hiyo inapuuza njia ya maji. Maji ya Mbarali hupita Usangu na Ihefu, huingia Ruaha Mkuu na hatimaye hufika delta ya Rufiji, mkabala na Mafia, kwenye mikoko mingi na mojawapo ya makazi ya mwisho ya nguva nchini. Maji ya Makongolosi hushika njia nyingine. Hupita ukanda wa dhahabu wa Lupa hadi Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka.

Kinachoingia humo hubaki humo.

Ili kujua namna ya kulilinda ziwa hilo, tuanzie pwani. Makala tatu za toleo hili zinahusu kazi ya kujitolea baharini, na ingawa waandishi wake wanapishana kwa mengi, wanakutana kwenye jambo moja: mlinzi bora wa ufuko ni yule ambaye riziki yake inaugusa. Kisiwani Mafia, tangu mwaka 2001, kazi ya shirika la Sea Sense ilisimama juu ya wanavijiji waliofundishwa kukagua fukwe, kutambua viota vya kasa wa kijani na ng'amba, na kuhamisha mayai yaliyo hatarini kufikiwa na mawimbi. Aliyeripoti kiota alipewa kifuta jasho, na kiasi kilitegemea mayai yaliyoanguliwa. Watamu nchini Kenya, tangu mwaka 1998, wavuvi wenyewe hutoa taarifa kasa anaponasa wavuni ili apimwe, avishwe kitambulisho na kurudishwa majini. Chumbe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994, iliwachukua wavuvi wa vijiji jirani kuwa walinzi wa matumbawe, nao wakawaelimisha wenzao pale pale majini.

Wapo wanaodai kwamba kifuta jasho huua moyo wa kujitolea. Jarida hili halikubaliani nao hata kidogo. Anayekagua ufuko usiku na kuingia mtumbwini alfajiri ametoa muda ambao familia yake ingeutegemea kwa chakula. Semina za hotelini hulipa posho bila mtu kuuliza. Mlinzi wa kiota anastahili zaidi.

Sasa funzo hilo lipandishwe huku nyanda za juu. Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha unga wake, huuchanganya na zebaki ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Sehemu ya zebaki hupaa kama mvuke na kumwingia kwanza mchomaji na wanaomzunguka. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, na mvua ikinyesha husombwa kuelekea mabondeni. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, sumu inayozidi kujilimbikiza kadiri mmoja anavyomla mwenzake: mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, kisha mwari, mamba na mtu. Dunia ilizinduliwa kuhusu sumu hiyo na ugonjwa wa Minamata, Japani, mwaka 1956. Mkataba wa kudhibiti zebaki wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mkataba hauwezi kutekelezwa kwa mabango na faini pekee. Mchenjuaji amezoea kufuatwa kama mkosaji. Ni nadra kufuatwa kama jirani wa ziwa. Atakayesikilizwa mwaloni ni mchenjuaji mwenzake, anayeijua bei ya gramu na anayetumia retoti, chombo kinachonasa mvuke na kumrudishia zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Hapo kifuta jasho kimo ndani ya kazi yenyewe, kama kilivyokuwa kwenye viota vya Mafia. Watu wa namna hiyo ndio wanaopaswa kuwa wahamasishaji wa kwanza wa viumbe wa Rukwa, na wanapaswa kupelekwa ziwani wawaone mwari na viboko kwa macho yao.

Ndani ya toleo hili pia kuna makala ya Iringa kuhusu Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi. Makala ya Tanga inahusu samaki aitwaye silikanti na hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Kutoka Matema kuna orodha nzuri ya samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa.

Jarida hili linatoa ombi moja. Vikundi vya wachimbaji wa Chunya na BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) za wavuvi wa Rukwa vikutane kabla ya mvua za Novemba, mkutano mmoja mwaloni na mwingine ziwani, na halmashauri zao zitenge posho ya wahamasishaji katika bajeti ijayo.