Meli ya Kwenda Visiwa vya Mbali: Nani Anafua Mashuka?



Mtatushangaa sisi wa mashamba ya chai kuandika habari za meli za starehe, na mna haki. Tiketi ya safari ya mwezi mmoja, hata ya chumba cha bei ya chini kabisa, inashinda mshahara wa mchuma chai wa miaka kadhaa. Hakuna mwanachama wetu atakayeinunua. Tunaandika kwa sababu jambo hili lilitufuata wenyewe ofisini, tena mara mbili katika siku moja.

Asubuhi alikuja mgeni, mzee mstaafu wa chama rafiki cha Ulaya, aliyefanya kazi ya kuyeyusha chuma maisha yake yote. Yeye na mkewe wameweka akiba kwa miaka mingi ili wavione visiwa vya katikati ya bahari visivyo na kiwanja cha ndege. Alitandaza makaratasi yake juu ya meza ambapo huwa tunahesabu ada za wanachama. Akasema, "Ndugu zangu, ninyi mngechagua meli ipi?" Nadhani alitaka tucheke pamoja. Tukacheka, lakini tukayasoma.

Mchana akaja mama mmoja wa chumba cha kukaushia chai. Mwanawe amemaliza mafunzo ya upishi, na wakala mmoja mjini amemwahidi kazi katika meli ya watalii. Wakala anataka alipwe kwanza. Mama alikuwa tayari kuuza ng'ombe na kukopa kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, akaja kuomba tumtilie sahihi.

Basi pale mezani zilikutana pande mbili za meli ile ile: anayepanda kwa ngazi ya mbele na anayeingia kwa mlango wa jikoni. Tangu hapo hatukuweza tena kuzungumza habari ya mmoja bila ya mwenzake.

Mzee alikuwa na safari tatu za bahari ya Atlantiki ya kusini. Ya kwanza ilikuwa ya meli kubwa inayozunguka dunia na abiria zaidi ya 2,000, inasimama St. Helena siku moja na kupita karibu na kisiwa cha Tristan da Cunha ili watu wakipige picha. Ya pili ilikuwa ya meli ndogo ya abiria wasiofika 200, inayotoka Ushuaia, Argentina, mwezi wa Machi, ikapita South Georgia, Tristan da Cunha, St. Helena na Ascension. Ya tatu haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa karatasi iliyochapwa tu, kuhusu meli ya uvuvi itokayo Cape Town kwenda Tristan, yenye nafasi za abiria 12.

Vile vijitabu viwili vya rangi vilieleza kila kitu: unene wa godoro, aina za mvinyo, ukubwa wa dirisha. Tulitafuta mahali palipotajwa mtu anayetandika hilo godoro, hatukupaona. Tukamwuliza mgeni, "Mzee, meli hii ni ya nchi gani?" Akataja nchi yenye ofisi ya kampuni. Tukamwambia hapana, bendera iliyo nyuma ni ya nani? Hakujua. Mfanyakazi wa chuma, mwanachama wa chama tangu ujana wake, hakujua. Hatumlaumu, kwa kuwa kijitabu kilitengenezwa ili asijue.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Meli huwa chini ya sheria ya nchi ambayo bendera yake inapepea. Kwa hiyo matajiri wengi wa meli huandikisha meli zao Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, ingawa wao wenyewe wanakaa Marekani au Ulaya. Ni kama vile mwenye shamba la chai la hapa angeandikisha shamba lake katika nchi nyingine ili mkaguzi wa kazi wa hapa asivuke geti. Sisi tunaziita bendera za kukodi. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, yaani ITF, lilianza kupambana nazo mwaka 1948, na hata jirani zetu wa Komoro wamo katika orodha yake ya nchi zinazokodisha bendera.

Haina maana kwamba kila meli yenye bendera hiyo haina mkataba wa chama. Nyingine zinao, kwa sababu mabaharia na makuli wa bandarini walipigania. Ndiyo maana swali la pili huwa hili: meli hii ina mkataba uliokubaliwa na ITF au haina? Ni swali la jibu fupi, na kampuni yenye mkataba haioni haya kujibu.

Uko pia Mkataba wa Kazi za Baharini uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006 na kuanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Nchi inaweza kuweka mpaka wa saa za kazi, usiozidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma, au inaweza kuweka saa za kupumzika, zisizopungua 10 kwa siku na 77 kwa juma. Mtu wa kiwandani asome tena hapo. Saa 72 kwa juma ndiyo kinga yenyewe! Bila kinga ingekuwaje? Tena hesabu ya kima cha chini ambayo Shirika hilo huipanga, iliyokuwa dola 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, ni ya baharia mwenye ujuzi wa sitaha. Dobi na mhudumu wa meza si wao waliokusudiwa. Katika makampuni mengi makubwa, sehemu ya pato lao hutoka katika bakshishi anayotozwa abiria kila siku, na abiria hudhani ametoa zawadi kumbe amelipa mshahara ambao tajiri angepaswa kuulipa.

Lakini mkataba huo una kifungu kimoja ambacho tulimsomea yule mama mara mbili. Baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kulipia pasipoti yake, kitabu chake cha ubaharia na cheti cha daktari kinachotakiwa na sheria ya nchi yake. Zaidi ya hayo, hapana. Na anayo haki ya kuusoma mkataba wake na kuuliza ushauri kabla ya kutia sahihi. Wakala anayesema "lipa kwanza, mkataba utauona ukifika bandarini" amekwisha kujieleza ni nani.

Turudi kwa visiwa, maana mzee hakuja kujifunza sheria tu. Alitaka kwenda.

Tristan da Cunha iko peke yake baharini, zaidi ya kilometa 2,700 kutoka Cape Town. Wakazi wake hawafiki 300. Tunakiri kwamba tulipoanza kusikia habari zao tulisahau chai ikapoa. Mwaka 1817 koplo mmoja wa jeshi la Uingereza, William Glass, alibaki pale na wenzake, wakaandikiana mapatano kwamba mifugo na vyombo viwe vya wote sawa, faida igawanywe sawa, na asiwepo wa kujifanya bwana juu ya wengine. Hawakuwa wamesoma siasa yoyote. Hadi leo ardhi ni ya wote, na mtu wa nje hawezi kununua kiwanja.

Mwaka 1961 mlima wa moto ulilipuka karibu na kijiji, watu wote wakahamishiwa Uingereza. Wakapewa nyumba na kazi, na serikali ilitazamia watabaki. Walipopiga kura mwishoni mwa mwaka 1962, watu 148 walitaka kurudi kisiwani na watano tu walitaka kubaki. Mwaka 1963 wakarudi. Tunaposikia watu wakisema kwamba mnyonge akishaonjeshwa mji hataki tena kwao, tunazikumbuka kura hizo.

Wanaishi kwa kiwanda. Ndiyo, ni wenzetu! Ni kiwanda cha kamba-koche, wale kamba wakubwa wa baharini. Siku bahari inapotulia, alfajiri hugongwa mtungi wa zamani wa gesi uliotundikwa, kama vile kwetu linavyogongwa lile pande la reli, na watu huingia mashuani na wengine hujiandaa kwa kiwanda. Kiwanda hicho kiliteketea kwa moto mwezi wa Februari 2008, kikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Na mwezi wa Machi 2011 meli ya mizigo iitwayo Oliva, iliyobeba soya kutoka Brazil, iligonga kisiwa jirani cha Nightingale. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini mafuta mazito yalimwagika na maelfu ya ndege wasioruka waitwao pengwini yakawapaka. Wanakisiwa waliacha shughuli zao kuwaosha, na kwa muda uvuvi ulisimamishwa katika sehemu zilizoharibiwa. Kosa la meli moja iliyokuwa ikipita, na mshahara wa watu wengine ukayumba.

Kwa hiyo meli ikienda huko si jambo dogo kwa wenyeji. Na hapa tukaona kasoro ya safari ile ya kwanza. Tristan haina bandari ya meli kubwa. Meli hutia nanga nje, watu huletwa kwa mashua, na mawimbi yakikataa hakuna anayeshuka. Meli ya watu 2,000 haina namna ya kuwashusha. Itapita, itatoa moshi, itapiga honi, na mwanakisiwa hatauza hata soksi moja ya sufu wala stempu moja, na hivyo ni vitu wanavyovitegemea wageni wakija. Tuliiondoa mezani bila mabishano.

Juu ya ile ya tatu tulibishana. Ndugu mmoja wa karakana alisema hiyo ndiyo meli ya kweli, haina kasino wala upuuzi, mzee asafiri na wafanyakazi wenzake. Ni kweli, na pia si kweli. Nafasi 12 ni za mwanakisiwa anayetoka hospitali Cape Town, za mwalimu, za mtoto anayerudi likizo. Wao hutangulia, na mgeni hupata kinachobaki, baada ya kuomba ruhusa kwa Baraza la Kisiwa. Mtu mwenye fedha za kupanda meli nyingine, kwa nini aombe kiti cha mgonjwa?

Ikabaki ya pili. Njia yake ilitupendeza kwa sababu ilitenga siku tatu kwa Tristan, si moja. Asubuhi bahari ikichafuka, kesho ipo. Pia inapita Grytviken, kisiwani South Georgia, mahali palipojengwa kiwanda cha kuchakata nyangumi mwaka 1904. Katika maji ya kisiwa hicho waliuawa nyangumi zaidi ya 175,000 katika muda wa miaka 60 hivi, kisha viwanda vikafungwa kwa sababu walikuwa wamekwisha. Matanki na minyororo imebaki ikishika kutu. Kila mfanyakazi wa kiwanda kinachokula malighafi bila kupanda nyingine angefaa kupaona.

Lakini tulimwonya mzee kwamba udogo wa meli si ushahidi wa wema. Machi 2020 meli ndogo iitwayo Greg Mortimer iliondoka Ushuaia ikiwa na watu 217. Ugonjwa wa korona ukaingia, na 128 wakapatikana na virusi. Mwezi wa Aprili abiria wengi walipelekwa kwao kwa ndege. Mabaharia wengi walibaki ndani ya meli, nje ya Montevideo. Dunia nzima mwaka huo ilikuwa hivyo: abiria alikuwa na ubalozi wa kumpigania, mpishi alikuwa na bendera ya kukodi.

Mtu atasema wageni wasiende kabisa. Mmoja wetu alisema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Hatukukubaliana naye. Kazi zile ni kazi, na watoto wetu wanazitaka. Wala si lazima ziwe za kinyonge. Huko Galápagos, visiwa vya Ecuador, serikali imeamua kwamba meli isizidi abiria 100, kila watu 16 wawe na kiongozi mwenye leseni, na meli isirudi mahali pale pale kabla ya siku 14 kupita. Meli za huko hubeba bendera ya Ecuador. Tarehe 1 Agosti 2024 ada ya mgeni kuingia ilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200.  Basi mwenye kisiwa anaweza kuweka masharti, na mwenye meli anaweza kuyafuata akiona hana njia nyingine.

Mzee aliandika barua pale pale mezani kwetu kwa ile kampuni ya meli ndogo, akiuliza bendera, mkataba na kama bakshishi imo katika mshahara. Akaandika pia kwa kampuni nyingine mbili zinazopita njia hiyo. Baadaye alitupasha habari. Moja ilimtumia kijitabu kingine cha picha. Moja haikujibu. Ya tatu ilitaja bendera, ikataja chama kilichotia sahihi, na ikaeleza mabaharia hukaa miezi mingapi kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa ghali kidogo kuliko zile mbili. Ndiyo aliyoilipia.

Na yule wakala, kijana alipomwomba nakala ya mkataba na leseni yake, alisema vitaletwa Jumatatu. Tangu Jumatatu hiyo simu yake haipatikani. Ng'ombe yupo zizini. Kijana bado anataka bahari, na hatutamzuia. Ndugu wa vyama vya mabaharia na makuli katika bandari za nchi jirani, kama mnawajua mawakala wenye leseni wanaopeleka watu bila kuwatoza, tuleteeni majina yao tawini, pamoja na nakala ya mkataba mmoja tuusome naye kabla hajatia sahihi.