Kuzima ni Kunyang'anya

Mlima wa kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho hauna huruma kwa pikipiki mbovu. Sasa chukua pikipiki nzima, yenye mafuta, inayompeleka mjamzito Hospitali ya Kibosho. Dereva amechelewesha rejesho la siku mbili. Akizima injini kumpisha abiria ashuke kidogo, haiwaki tena. Aliyeifunga yuko ofisini mbali, au si mtu kabisa, ni programu.

Bodaboda ya mkataba siku hizi huja na GPS, na baadhi zina kifaa cha kukata moto kutoka mbali. Simu ya mkopo hujifunga, taa ya sola husubiri malipo. Siupingi mkopo wenyewe. Kijana ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, ni cha ukoo na hati hana, benki ingemkopesha kwa dhamana gani? Dhamana yake ni hiyo swichi.

Ninachokataa ni ile hoja kwamba kuzima si kunyang'anya, eti chombo bado kiko kwa mteja. Pikipiki isiyowaka ni chuma tu. Nchini Kenya, Sheria ya Hire Purchase (ununuzi kwa awamu), Sura ya 507, inasema mteja akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Uingereza, kwa sheria ya 1974, hutosha theluthi moja. Lakini sheria hizo zilitungwa wakati mdai alilazimika kufika mwenyewe. Hata Mchagga aliyempa jirani ng'ombe wa kumtunzia, maziwa na samadi vikiwa vya mtunzaji, akimtaka mnyama wake alikuja uani, wakatazamana, majirani wakasikia. Hakuwa na namna ya kukausha kiwele akiwa kwake.

California imelitazama jambo hili kwa wauzaji wa magari ya mkopo: mteja huonywa mapema, huonywa tena saa 48 kabla, na gari likishafungwa lazima awe na njia ya kuliwasha kwa saa 24 akipatwa na dharura. Sisi wenyewe Tanzania, simu bandia zilipozimwa Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitangaza kwa miezi kadhaa na watu wakahakiki simu zao kwa *#06#. Ikiwa serikali iliona vyema kuonya, mkopeshaji ana udhuru gani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasaidia upande wa ufuatiliaji, maana GPS inajua dereva amelala wapi. Haigusi swichi. Bunge litamke wazi kwamba kuzima ni kutwaa mali: kuwe na onyo la maandishi kwa Kiswahili, chombo kisizimwe kikiwa safarini, kifunguliwe bila malipo wakati wa dharura, na cha aliyelipa sehemu kubwa kizimwe kwa amri ya mahakama tu.

Nawe unayetaka kusaini kesho, ipigie kwanza namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye mkataba. Ipige saa nane usiku, uone kama kuna anayepokea.