Kabla ya kununua mashine ya kung'arisha mawe



Mwanangu wa miaka kumi na mmoja aliiazima pete ya akiki ya babu yake, akaigeuzageuza mwangani, kisha akauliza: "Babu, jiwe hili nani alililainisha?" Mzee akacheka. Akasema pete aliirithi kwa baba yake, na katika umri wake wote hakuwahi kujiuliza. Swali hilo dogo ndilo lililotufikisha kwenye mada ya leo, na limenigharimu mashine moja nzima.

Jibu lake lina historia ndefu. Shanga nyingi za akiki zilizofika katika pwani yetu tangu enzi za Kilwa zilitoka Khambhat, katika nchi ya Gujarati, Bara Hindi. Mafundi wa huko walikuwa wakizitia shanga katika mfuko wa ngozi pamoja na unga wa mawe na maji, kisha watu wawili wakaketi wakitazamana na kuuviringisha mfuko ule, huyu akimsukumia huyu, siku baada ya siku, hadi mawe yang'ae. Mashine za leo hazikuvumbua jambo jipya. Zimeweka mota mahali pa wale watu wawili, na pipa dogo mahali pa ngozi. Ndani yake mawe husuguana katika maji na unga mgumu, kwanza wa chembe kubwa, kisha wa kati, kisha laini, na mwisho unga wa kung'arishia. Kila hatua huchukua takriban wiki moja, usiku na mchana. Mtoto anayetarajia vito jioni ya siku ileile aambiwe mapema kwamba safari ni ya mwezi mzima, na aghalabu zaidi, kwani hatua ya kwanza mara nyingi hurudiwa.

Sasa nikiri kosa langu. Ndugu yangu aishiye Marekani alituletea mashine kama zawadi. Mimi, ambaye kazi yangu katika kamati ya msikiti ni kusoma maandishi madogo ya mikataba kabla wenzangu hawajatia saini, sikukisoma kibandiko kilichokuwa chini ya mota. Niliichomeka moja kwa moja ukutani. Ilizunguka kwa kasi ya ajabu muda mfupi, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mwanangu hakusema neno. Aliyatoa mawe yake moja moja kutoka katika pipa na kuyarudisha kwenye kopo la maziwa. Laiti angelia, ningeumia kidogo zaidi ya hapo na kwisha.

Basi jambo la kwanza la kutazama ni umeme. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Wauzaji wengine watakwambia ununue transfoma tu. Transfoma hushusha volti, lakini haibadili idadi ya mizunguko, kwa hiyo mota za aina ile huzunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa na huweza kupata moto kupita kiasi. Tafuta mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa kwetu, na kibandiko ukisome mwenyewe kabla ya kulipa.

Kuna aina mbili. Ya kwanza huzungusha pipa. Ya pili hutikisa bakuli. Ile ya kutikisa humaliza kazi mapema na huacha jiwe katika umbo lake la asili, ila bei yake aghalabu ni kubwa na huhitaji kuangaliwa mara kwa mara ili maji yasipungue. Kwa anayeanza, na hasa palipo na watoto, nachagua ya kuzungusha. Husamehe makosa, na hulifanya jiwe kuwa mviringo kama lililolala mtoni miaka mingi.

Ukubwa nao si jambo dogo. Madukani kuna vijimashine vya kuchezea vyenye pipa la plastiki linalobeba nusu kilo au chini yake. Mawe ndani yake hayana nafasi ya kuporomoka vizuri, hivyo husagika polepole. Na plastiki hupiga kelele kama bati lililomwagiwa kokoto. Pipa la mpira lenye uwezo wa kilo moja na nusu hivi latosha nyumba ya kawaida. Mpira humeza sauti. Kabla ya kununua muulize muuzaji maswali mawili: mkanda wa mota ukikatika nitaupata wapi, na unga wa kusugulia ukiisha nitaupata wapi? Asipokuwa na jibu, mashine hiyo itakuwa pambo la kabatini baada ya mzigo wa kwanza.

Sisi tunaishi nyumba moja na wapangaji wawili, na LUKU ni ya pamoja. Nilipiga hesabu: mota ya wati 25 ikizunguka siku 28 bila kuzimwa hula yuniti zisizopungua 16, karibu 17. Si nyingi, lakini ni za watu watatu. Niliwaita barazani, nikawaeleza, tukakubaliana kiasi nitakachoongeza juu ya fungu langu. Bi mkubwa wa chumba cha mbele alikuwa na sharti moja: "Mwanangu, umeme sina neno nao. Hiyo ngurumo isiwe ukutani kwangu." Tukaitia mashine katika boksi la mbao lenye matundu ya hewa, tukaiweka stoo ya uani.

Kuhusu mawe, watoto wa pwani hukimbilia ufukweni, nasi tulifanya hivyo. Mengi ya mawe yetu ya pwani ni matumbawe na chokaa, nayo ni laini mno. Yakichanganywa na magumu hugeuka tope. Tone la siki litakuonyesha: likitoa povu, jiwe ni la chokaa, liache. Kisha jaribu kukwaruza kipande cha chupa kuukuu. Jiwe linaloacha mkwaruzo wa kweli katika kioo, kama akiki, yaspi au kwatzi, ndilo letu. Katika kipimo cha ugumu alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10, kwatzi ni 7 na akiki ni karibu hapo. Weka pamoja yaliyolingana kwa ugumu, makubwa kwa madogo, pipa lijae kiasi cha theluthi mbili. Tanzanaiti msiiguse kwa kazi hii. Hupasuka kirahisi, na zaidi ya hapo Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayechimba au kuuza madini.

Mambo mawili ya usafi yasipuuzwe. Tope la pipa halimwagwi katika sinki, kwani hutuama na kuganda ndani ya bomba mithili ya saruji. Sisi hulimwaga katika shimo la nyuma ya nyumba. Na kati ya hatua moja na nyingine, mawe, pipa na kifuniko vioshwe sana. Chembe moja ya unga mkubwa ikibaki, itakwaruza kazi ya wiki nne. Mtoto asisage wala kuponda jiwe kavu, maana vumbi lake huharibu mapafu; ndani ya maji hatari hiyo hupungua sana.

Mashine ya pili niliinunua kwa fedha zangu, na kibandiko mwanangu alikisoma kwa sauti mbele ya muuzaji, mara mbili. Tuko wiki ya tatu. Amekwisha kujua kwamba jiwe bichi la maji hudanganya, hung'aa likilowa na kufifia likikauka, kwa hiyo hulikausha kwa kanga kuukuu ya mama yake kabla ya kutoa hukumu. Moja jekundu amelitenga kwa ajili ya babu. Mzee naye, kila Ijumaa baada ya swala, hupitia uani, huinama na kutega sikio juu ya boksi, akauliza kama wale watu wawili bado wanasukumana.