Nani Aliwauliza Hao Nduguze?

Muulize mzazi Mkenya mwenye mtoto asiyeweza kujilisha wala kujiosha: siku ukifumba macho, huyu atabaki na nani? Jibu huja kabla hujamaliza kuuliza. "Si ana nduguze!" Kisha chai inamiminwa na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya unga.

Jibu hili husifiwa kanisani, msikitini na kwenye vikao vya ukoo kana kwamba ndio Uafrika wenyewe. Mimi naliona ni uvivu uliovishwa kanzu. Halisemi ni ndugu yupi, atatumia pesa gani, wala wataishi nyumba ipi. Na hao nduguze, mara nyingi, hakuna aliyewauliza.

Ukiwahesabu vizuri, nduguze huwa ni dada mmoja. Kaka hutoa ahadi makaburini, kipaza sauti mkononi. Dada ndiye hubaki akifua mashuka. Ikiwa ameolewa, mumewe na mama mkwe hawakuwapo kwenye kikao. Ikiwa hajaolewa, tumeshamwamulia kwamba asiolewe. Ikiwa yuko Riyadh au Doha akifanya kazi za ndani, atatuma pesa, sawa, lakini pesa haimgeuzi mtu kitandani asipate vidonda.

Tazama mambo yanavyokwenda baada ya matanga. Familia inataka kufungua faili ya urithi, kwa hiyo inakwenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja watu walioachwa na marehemu. Chifu anaandika anachoambiwa. Mke, kifungua mimba, wa pili, wa tatu, hadi kitinda mimba. Yule asiyeweza kujilisha anarukwa, wala si kwa chuki. Anarukwa kwa sababu hana kitambulisho, hakuna aliyemkumbuka, na akiulizwa habari zake shangazi husema, "Huyo yuko na mamake." Tangu hapo, kwa upande wa makaratasi, hayupo.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Urithi, sura ya 160, inawahesabu watoto wa marehemu kuwa wategemezi wake hata kama hakuwa akiwalisha, na inairuhusu mahakama kumtengea fungu mtegemezi aliyeachwa bila cha kutosha, wasia uwepo usiwepo. Lakini kifungu cha 30 kinafunga mlango: ombi hilo halipokewi tena baada ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi 6 ikishapita tangu hati ya usimamizi itolewe. Nani atapeleka ombi hilo kwa niaba yake? Ni walewale nduguze, ambao fungu lake likitoka, lao linapungua. Sisemi ni wezi. Nasema tumewakabidhi ulezi na majaribu kwa siku moja, kisha tukaenda zetu.

Wapo wanaojibu kwamba serikali iko. Ndiyo, iko, na mpango wake wa Inua Jamii humlipa mwenye ulemavu mkubwa kutoka kaya maskini shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kimesimama hapohapo kwa zaidi ya miaka 10, huku nepi za watu wazima, mafuta ya kupikia na nauli ya kwenda kliniki vikipanda kila uchao. Mara nyingi pesa zenyewe huchelewa, zikaja za miezi kadhaa kwa mpigo wakati duka limeshakataa kukopesha. Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, na picha zikapigwa. Picha hazinunui nepi, na Bunge linalopitisha bajeti kila Juni linastahili kusumbuliwa kwa hilo bila huruma.

Hata hizo 2,000 zina mtego ambao wazazi wachache huujali. Kwa mtu asiyeweza kwenda kuchukua pesa mwenyewe, huzichukua mlezi, na mlezi huyo yumo kwenye mfumo kwa jina lake na kitambulisho chake. Mama akifa, ni lazima mtu aende kwa ofisa wa huduma za jamii kumsajili mlezi mpya. Asipokwenda, pesa hukwama mwezi uleule zinapohitajika kuliko wakati wowote. Mzazi anaweza kulishughulikia hili leo: ampeleke dada ofisini wajuane na ofisa, na aweke pamoja kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kitambulisho cha mtoto na karatasi za hospitali.

"Lakini mimi sina mali, niandike wasia wa nini?" Sikubali. Una ploti ya hamsini kwa mia, au nusu ekari ya baba yako. Una hisa Sacco na fomu ya mrithi uliyojaza siku ya kwanza kazini, ukaandika jina la kifungua mimba kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kwa kawaida pesa hizo humwendea aliyeandikwa, moja kwa moja. Fomu hiyo inabadilishwa bila wakili.

Wala usikimbilie kumwandikisha shamba mtu asiyeelewa maana ya hati miliki. Kesho atashikwa kidole gumba, kiwekwe mahali asipopajua. Kwa mtu wa namna hiyo, mali hukabidhiwa wadhamini, wasipungue wawili na mmoja asiwe wa nyumbani, na maandishi yaseme inatumikaje. Waislamu wa Pwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wenzake, ila mtu anaweza kutoa hiba akiwa hai, au kuiweka nyumba wakfu ili kodi yake imtunze mwanawe. Babu zao waliweka wakfu nyumba nyingi tu Mombasa. Hawakusema "ana nduguze".

Na tusimfunge kila mwenye ulemavu kwenye kapu hili. Mwalimu asiyeona hahitaji mdhamini. Anahitaji fungu lake la ardhi kama wengine, bila kaka "kumshikia". Hata mwenye ulemavu wa akili mara nyingi anajua anataka kuishi na nani. Kikao cha ukoo huwa kinamjadili naye ameketi palepale, kama hasikii.

Kuhusu wanaosema kuandika wasia ni uchuro: wanaolipia bima ya mazishi kila mwezi wanyamaze.

Linalowaudhi watu zaidi ni pendekezo langu la mwisho. Dada alipwe. Kodi ya chumba kimoja, au gawio la hisa, liandikwe kwamba ni la anayemtunza, awe dada, binamu au mtu wa kuajiriwa. Wazee huguna: tangu lini mtu akalipwa kumtunza ndugu yake? Tangu siku alipoacha kibanda chake cha mboga ili asimwache peke yake nyumbani. Aitwe kabla hamjazikana, aelezwe kazi yenyewe kuanzia kumnyanyua hadi dawa za usiku, aoneshwe pesa ziko wapi. Kisha aulizwe kama anaweza. Akisema hawezi, asitukanwe. Atafutwe mwingine mzazi angali hai.