Kabla ya kupima mutoto mbio, mumupe kwanza fasi ya kukimbilia



Tarehe 31 Julai 2025, Raisi Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kurudisha testi ya zamani ya kupima nguvu za mwili za wanafunzi, ile wenyewe wanaita testi ya Raisi. Waliokomaa kule wanaikumbuka vizuri: kujivuta juu kwenye chuma, kupiga abdo, kukimbia maili moja, kukimbia huku na huku ukiokota vipande vya miti, kukaa chini na kunyoosha mikono mpaka ipite vidole vya miguu. Toka siku ile wazazi na walimu wa Marekani wanabishana. Wengine wanapiga mikono. Wengine wanasema ile aibu isirudi tena juu ya watoto wao. Sisi tumefuata mabishano hayo, na musimamo wetu ni huu: kupima watoto si kosa, lakini kurudisha testi bila kurudisha masaa ya michezo na walimu wake ni kudanganya wazazi.

Tunawasikia tayari: «Ninyi mashomeri, testi ya Wamarekani inawahusu nini?» Inatuhusu. Kwa miaka kumi hii Kongo ni kati ya inchi zenye zilitoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Wadogo zetu, watoto wa mashangazi na wa wajomba, wenye walipitia Nakivale ku Uganda ao Nyarugusu ku Tanzania, leo wako mu kalasi za kule. Wao pia wataitwa majina na kusimama mbele ya ile chuma. Tena, maneno yanayobeba testi hii tunayajua hapa nyumbani. Kila muzee mwenye kukaa na kiti mbele ya lupango anayasema: «Batoto ba leo beko regerege, beko paka na telefone.»

Tuanze na wale wanaotaka irudi, maana hawasemi upuzi. Mutoto mumoja kwa watano ku Marekani ana unene wa kupita kiasi wenye unaitwa ugonjwa. Kisukari ambacho zamani kilikuwa cha wazee, leo kinapatikana kwa vijana wa miaka kumi na tano. Jeshi lao lilihesabu mu 2020 kwamba vijana 77 kwa 100, wenye miaka kati ya 17 na 24, hawawezi kuingia jeshini bila kuombewa ruhusa ya pekee, kwa sababu ya unene, dawa za kulevya, magonjwa ya mwili ao ya akili. Muzazi akisikia hesabu kama hiyo, anasema: basi turudishe kile kilikuwako wakati wetu. Na kuna wale ambao testi iliwapa furaha ya kweli. Mutoto mwenye hakuwa na pointi nzuri za hesabu, siku hiyo moja alipita wote. Hiyo siyo kitu kidogo. Fikirieni mutoto aliyefika juzi, kingereza hakijui bado, kalasi nzima inamuona kama bubu, halafu anamaliza maili mbele ya wote. Kwa mara ya kwanza wanauliza jina lake.

Lakini tuangalie ile testi ilizaliwa namna gani, maana hapo njo kuna siri.

Mu miaka ya 1950, daktari Hans Kraus, mutu wa Austria aliyehamia Marekani, pamoja na Bonnie Prudden aliyefundisha watoto mazoezi, walipima maelfu ya watoto kwa vitendo sita vyepesi tu: kuinama kugusa ardhi bila kukunja magoti, kuinuka toka mugongo, kuinua miguu, na vingine vya namna hiyo. Watoto karibu 58 kwa 100 wa Marekani walishindwa angalau kitendo kimoja. Wale wa Austria, Italia na Uswisi walioshindwa hawakufika 9 kwa 100. Mu 1955 hesabu hizo zilifika mbele ya Raisi Eisenhower, na mwaka uliofuata akaunda baraza la Raisi juu ya nguvu za vijana.

Sasa muangalie vizuri. Kraus alikuwa daktari wa maumivu ya mugongo. Alitaka kujua kama mutoto ana nguvu kidogo ya kutosha ili asiumwe mugongo akiwa mukubwa. Wanasiasa wakachukua hiyo kazi ya hospitali wakaifanya kuwa mashindano ya mataifa, maana ilikuwa wakati wa vita baridi na kila kitu kilipimwa na Warusi machoni. Mu Desemba 1960 John Kennedy, mbele hajaapishwa, aliandika mu gazeti la Sports Illustrated akilia juu ya Mumarekani aliyelegea. (Waziri wa afya aliyepewa kazi ya kusimamia testi mupya, Robert F. Kennedy Jr., ni mutoto wa ndugu yake. Mambo ya familia, kumbe.) Mu testi za kwanza watoto walipimwa ata kutupa mupira mbali, na wengi waliona kwamba ule mukono ulikuwa wa kutupa grenade. Leo pia, amri ya 2025 inataja utayari wa jeshi kati ya sababu zake. Hatusemi kwamba mutoto anayekimbia anatayarishwa kwa vita. Tunasema kwamba tangu mwanzo anayepimwa si mutoto huyu, ni inchi, na mutoto ni namba ya inchi.

Ndiyo maana testi ilijengwa vile ilijengwa. Mu 1966 Raisi Johnson alianzisha zawadi. Ili uipate, ulipaswa kufika mahali ambapo watoto 85 kwa 100 hawafikii. Na siyo mu kitendo kimoja: mu vyote. Ukikimbia kama swala lakini mikono haikuinui ku chuma, hakuna zawadi. Muwaze prefe anaingia mu kalasi mwanzo wa mwaka na kusema: «Mustari wa kupita tumeuweka fasi ambayo wengi wenu hawatafika, na munapaswa kuufikia mu masomo yote, hesabu, kifaransa, kemia.» Ni nani angesoma? Wale watatu wa mbele wangesoma, na wale wangesoma ata bila yeye. Mutoto munene, mutoto mwenye asima, mutoto mufupi, hao wenye walihitaji michezo kupita wote, walijifunza jambo moja tu: siku ya testi ni siku ya kuumwa tumbo. Baadaye, mu miaka ya 1980, waliongeza zawadi ndogo kwa wale wa katikati. Waliobaki chini waliendelea kubaki chini, na majina yao yakiitwa kwa sauti mbele ya wenzao.

Mu 2012 serikali ya Obama iliacha hiyo njia, na mahali pake ikaja nyingine, yenye inatumia kipimo kinachoitwa FitnessGram. Pale mutoto hashindanishwi na wenzake. Anaangaliwa kama amefika mahali ambapo afya yake haina hatari. Wengi wanaocheka njia hiyo wanasema ni kumupa kila mutoto medali. Hapana. Ukienda hospitali kupima damu, munganga hakuambii kwamba uko wa kumi na tatu mu foleni. Anakuambia kama una upungufu wa damu ao hauna.

Hapo tungepiga mikono na kunyamaza, lakini wale wanaopinga testi nao wanatuacha njiani. Mu California, wanafunzi wa mwaka wa tano, wa saba na wa tisa wanaendelea na vitendo vya FitnessGram, lakini kwa miaka hii matokeo hayapelekwi tena juu, inahesabiwa tu ni watoto wangapi walishiriki. Sababu yao tunaielewa: hawakutaka watoto waaibishwe juu ya mwili wao. Lakini kupima halafu usiandike ni kazi ya nani? Kama watoto wa kata maskini wanapoteza pumzi mwaka kwa mwaka, nani atakuwa na karatasi ya kuonyesha? Sisi wa Kongo tunajua bei ya kukosa namba. Serikali yenye haina hesabu inaweza kukana njaa, kukana maiti, kukana kila kitu.

Kuna inchi ndogo ya Ulaya, Slovenia, watu karibu milioni mbili, kupungua kwa muji wetu mukubwa. Toka miaka ya 1980 wanapima wanafunzi wao karibu wote, kila mwaka, mu mwezi wa Aprili. Muzazi anaombwa ruhusa. Matokeo hayabandikwi ku ukuta, yanakwenda kwa mutoto na kwa wazazi wake, na namba za inchi nzima zinakusanywa na watu wa chuo kikuu. Mu 2020, kisha masomo kufungwa kwa sababu ya korona, waliona nguvu za watoto zimeanguka kuliko wakati wowote toka waanze kupima. Waliona kwa sababu walikuwa na namba za miaka yote ya nyuma. Na testi yao si kitu kinachoshuka toka juu mara moja kwa mwaka kama mvua ya mawe: inakuja juu ya masaa ya michezo yenye iko mu horeri kila juma, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Ku Marekani hakuna sheria ya inchi nzima inayosema mutoto afanye michezo masaa mangapi. Kila jimbo linajipangia. Shirika la walimu wa michezo wa kule linashauri dakika 150 kwa juma kwa wadogo na 225 kwa wakubwa, na majimbo yenye kufikisha hapo ni machache sana. Kwa hiyo amri ya Raisi inaweza kuleta interro bila somo. Mwalimu anayepewa wanafunzi mara moja kwa juma, atafanya nini? Atatumia zile saa chache kujaza karatasi za testi.

Na tusijidanganye kwamba kwetu hatari hiyo haiwezi kufika. Waziri mumoja akitaka kupigwa picha, inatosha. Wazazi wetu waliosoma wakati wa Mobutu wanajua vile serikali inaweza kuchukua mwili wa mutoto asubuhi: animasyo, kuimba na kutikisa kiuno kwa kusifu chama kimoja, kisha Salongo siku ya posho. Kwa macho ya wageni ilikuwa michezo. Sisi tuliosoma mujini nyuma yao tulijua jimnastiki ya namna yetu: uwanja ulikuwa ile nafasi kati ya kalasi na choo, mwalimu anasema «mukimbie», yeye anakaa chini ya muti kusahihisha interro za kalasi ingine, na ku buletini kila mutu anapewa saba kwa kumi, ata mwenye kukaa siku nzima. Toka 2019 masomo ya musingi ni ya bure, watoto wamejaa mu kalasi mpaka madirishani, na viwanja vingine vya shule vimekatwa vipande na kuota maduka. Zaidi ya watoto wanne kwa kumi wenye hawajafikisha miaka mitano wamedumaa kwa kukosa chakula. Ukimupima mutoto huyo maili moja kisha miaka kumi, umepima mbio zake ao umepima sahani ya nyumbani kwao?

Kwa wandugu wetu wenye watoto mu shule za Marekani, tunasema hivi. Barua ya testi ikifika, musiitie sahihi haraka kwa sababu iko na jina la Raisi, na musiitupe kwa hasira. Muende muulize mwalimu mambo haya: mutoto wangu anacheza saa ngapi kwa juma nje ya testi? Matokeo yake nani atayaona? Atapimwa mbele ya kalasi nzima ao pembeni? Akionekana ana pumzi fupi, mutamufanyia nini mwezi unaofuata? Kama mutoto ana ugonjwa ao jeraha la vita ambalo haliandikwi mu karatasi zao, museme mapema, na muombe mutu wa kutafsiri. Mutoto mwenyewe asifanywe mutafsiri wa mwili wake.

Na siku serikali yetu itaamuka na wazo kama hilo, tutaomba tuonyeshwe kwanza hati za viwanja vya shule za umma za kila komine, na orodha ya walimu wa elimu ya mwili wanaolipwa. Saa ya kupima mbio tutainunua sisi wenyewe, kwa muchango.